Friji Iliyokuwa Inasalimia

Ilikuwa mwaka ule walipomwaga lami barabara ya nyuma ya soko. Hapana, nisidanganye, lami ilikuja mwaka uliofuata. Mwaka ule barabara ilikuwa bado mashimo matupu, maana binti yake Mzee Futi alifika mtoto mgongoni, sanduku kichwani, akirukaruka madimbwi huku akiyalaani moja moja. Basi ni mwaka huo.

Mzee Futi alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu kamba ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda msibani. Tangu mkewe afariki alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoachiwa na baba yake, na nyaya za umeme alizoweka huyo baba ndizo zilizokuwamo bado, zimepita darini na kuteremka ukutani, ganda lake limekauka linapukutika kama la kitunguu. Ukigusa swichi ya sebuleni ilikuwa na joto kama shavu la mtu mwenye homa. Mzee Futi alilijua hilo. Alijua pia kwamba friji ya jikoni inasalimia.

Ndivyo walivyosema nyumbani mle: inasalimia. Ukiishika na mkono umelowa, inakutekenya mpaka kwenye kiwiko. Basi walizoea. Mbele ya friji zilikaa ndala za mpira, na sheria ilikuwa moja, usifungue bila ndala. Mgeni akisahau akaruka, wenyeji walicheka. "Imekusalimu hiyo! Si uitikie?"

Binti alikuja kukaa miezi mitatu, kwa kuwa mumewe alihamishiwa kazi mbali na alikuwa hajapata nyumba. Mtoto alikuwa wa miezi kumi, wa kike, ndio kwanza anatambaa. Siku ya kwanza Mzee Futi alipomwona chini kwenye saruji, magoti na viganja sakafuni, alizitupia jicho zile ndala za mbele ya friji. Nani atamvalisha huyu ndala za mikononi?

"Mlango wa jikoni ufungwe," alisema.

"Mlango upi, baba? Huo unaoning'inia kwa bawaba moja?"

"Basi weka kiti."

"Kiti anakipita chini. Baba, leo unaogopa friji uliyoishi nayo miaka yote?"

"Siogopi kwa ajili yangu."

Binti alicheka, akamwambia uzee umeanza kubisha hodi. Mzee Futi hakucheka. Aligeuza cherehani, akaiweka mahali ambapo angeona jikoni moja kwa moja. Alishona jicho moja kwenye sindano, jingine mlangoni. Sare ya shule ya mteja mmoja aliishona mfuko ukaenda mshazari kama jongoo, akaufumua, akarudia, ukaenda mshazari tena. Mtoto akikohoa, aliinuka kitini. Friji ikianza kunguruma, aliacha pedali akasikiliza. Mara mbili alitaka kuichomoa, lakini soketi yenyewe ilikuwa nyuma, imepasuka, inaonyesha meno yake ya shaba, naye akaiogopa kuliko friji.

Jumanne asubuhi binti alipiga deki jikoni, akatoka uani kuanika nguo. Mzee Futi alikuwa anakata kitambaa. Aliinua macho, na mtoto hakuwapo kwenye mkeka.

Alikuwa jikoni. Sakafu ilikuwa bado inang'aa maji. Mtoto alikuwa amejiinua kwa mara ya kwanza maishani mwake, amesimama wima, mikono yote miwili imeshika mpini wa friji, na mdomo wake ulikuwa wazi bila sauti.

Hakulia. Hilo ndilo lililomgandisha Mzee Futi. Mguu mmoja ulitaka kukimbia kumkumbatia, na akili ikamwambia ukimshika mtakuwa wawili. Swichi kuu ilikuwa ukutani juu ya cherehani, juu sana, baba yake aliiweka huko ili watoto wasiifikie. Kupanda kiti hakukuwa na muda. Alinyakua rula yake ya mbao, ile ya yadi moja, akaipiga swichi kwa nguvu zote. Akakosa, chokaa ikamwagika. Akapiga tena, na mpini wa swichi ukashuka.

Friji ikanyamaza. Mtoto akakaa kitako kwenye maji, akavuta pumzi, kisha akalia kilio ambacho Mzee Futi hajapata kusikia kitu kitamu kama hicho. Binti alikuja mbio na kanga ya mtoto mkononi, akamnyakua, akamgeuzageuza viganja. Vilikuwa vyekundu, basi. Zahanati walimwangalia, wakampima mapigo, wakasema amepona, mrudi naye kesho.

"Baba," binti alisema walipokuwa wakirudi, na sasa hakuwa na mzaha hata kidogo, "ama nyumba itengenezwe, ama niondoke naye."

"Itatengenezwa. Hata mimi sirudishi ile swichi."

Na hakuirudisha. Siku nne walipikia jiko la mkaa, naye alishona kwa cherehani ya miguu mchana tu. Hata hivyo kila alipopita jikoni alipita ubavuubavu, kama mtu anayepishana na mbwa asiyemjua.

Siku ya tano alikuja fundi umeme, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Testa kwa sababu ya testa, bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, aliyokuwa akiichomeka kwenye nywele kama kitana. Alizunguka nyumba nzima akiguna. Nje alikuta waya wa kupeleka umeme ardhini, ule unaopaswa kumlinda mtu kifaa kikivuja, umeliwa na kutu umebaki uzi.

"Mzee wangu, hapa mmekuwa mkiishi kwa kudra tu," alisema. "Nyaya zote nazitoa. Nachimbia chuma kipya ardhini, na naweka kisanduku kinachokata chenyewe umeme ukivuja, kabla hujasema a."

Kisha akafungua kisanduku cha zamani, akachomoa fyuzi ya jikoni. Badala ya kile kiwaya chembamba kinachoyeyuka, ndani alikuta sindano. Nene, ndefu, ya chuma, ile ya kushonea magunia.

"Na hii shazia? Nani fundi wa hivi?"

Mzee Futi aliinamisha kichwa. "Fundi ni mimi. Fyuzi ilikuwa inaungua kila wiki. Nikaona nikitia kitu imara itatulia."

"Ikatulia?"

"Ikatulia kabisa, binti yangu."

"Fyuzi ilikuwa inakuambia friji inavuja, mzee wangu. Wewe ukaishona mdomo." Aliigeuzageuza shazia kiganjani. "Uliitia lini?"

Mzee Futi alianza kuhesabu kwa vidole. Mwaka aliomwoza binti yake, ndiyo, kwenye harusi fyuzi iliungua mara tatu, na ilipokwisha tu akatia shazia. Na salamu zilianza lini? Baada ya hapo. Vidole vikasimama. Mkewe alifariki mwaka uliofuata, asubuhi, mzima wa afya, akipiga deki. Binti, aliyekuja kuwatembelea, ndiye aliyemkuta, ameegemea friji, mlango wake wazi. Daktari alisema moyo. Wote walisema moyo, wakamzika.

Hakuwahi kuiweka miaka hiyo miwili pamoja mpaka siku hiyo.

Mama Testa alimaliza kazi kwa siku tatu. Friji ilitupwa, mtoto alitambaa popote alipotaka, na kisanduku kipya kilipojaribiwa kililia ta! kikakata, kama alivyoahidi. Mzee Futi aliendelea kupita jikoni ubavuubavu.

Kabla Mama Testa hajaondoka alimuuliza, naye akakazana na skrubu ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa. Alikwenda zahanati, wakamwambia daktari yule alihama. Alimuuliza binti yake, naye akamchukua mtoto akatoka naye uani. Swali lenyewe lilikuwa dogo tu: mkewe aliishika friji kwa sababu moyo ulikuwa unasimama, au moyo ulisimama kwa sababu aliishika friji?