Kifaru Juu ya Meza ya Kulia

Mume wangu aliporudi kutoka kozi ya jeshi ng'ambo aliniletea kitambaa cha kichwa chenye maua, kopo la biskuti, na sanduku la karatasi ngumu lililochorwa kifaru cha vita. Kitambaa na biskuti vilikuwa vyangu. Sanduku alikuwa amelipakata safari nzima mpaka Arua, na alipoingia nyumbani kwetu mtaa wa Oli alilitua chini taratibu kama mtoto aliyelala, ndipo akakumbuka kunisalimia.

Nililifungua nikidhani mchoro ni mapambo tu na ndani kuna redio. Nikakuta vipande vya plastiki, vingi ajabu, vimeshikana kwenye vijiti kama nyama ndogondogo kwenye miba ya samaki.

"Imevunjika," nikamwambia. "Wamekuuzia kitu ya kuvunjika."

"Haijavunjika. Haijatengenezwa bado."

"Tofauti iko wapi?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi wanajeshi wanavyowatazama raia.

Yeye alikuwa dereva wa kifaru, kifaru cha kweli, na alikipenda kuliko nilivyopenda kusikia. Vidole vyake vilikuwa vinene kama ndizi. Hapo nyumbani msumari wa kutundikia chandarua niliupigilia mimi. Lakini siku ile ile alitandika magazeti juu ya meza yangu ya mvule, ambayo seremala wa Awindiri alinitengenezea tulipooana na ambayo sikuwahi kuthubutu kuweka juu yake sufuria ya moto. Akapanga wembe, gundi na kibano. Sisi tukahamia mkekani kula.

Jirani alikuja kuazima chekecheo, akauliza bwana anafanya nini mezani. Nikamjibu kweli: anatengeneza kifaru. Maneno hayo yalipanda lori pamoja na abiria, na yalipofika Koboko kwa mama mkwe yalikuwa yamenenepa njiani: mume wangu ameiba kifaru cha serikali, amekificha nyumbani, anakifungua skrubu moja moja.

Mama mkwe alikuja na lori lililofuata. Aliingia na kuku kwapani, gunia la unga wa muhogo likimfuata kichwani mwa mpagazi, na dua midomoni.

"Iko wapi?" akauliza, bila hata salamu.

"Nini, mama?" mume wangu akasema.

"Kifaru! Rudisha, mwanangu, mbele ya wao kuja kukufunga."

Mume wangu akanyoosha kidole mezani. Wakati huo kilikuwa tumbo tu na magurudumu, ukubwa wa mkate mmoja. Mama mkwe akakitazama, akamtazama mwanawe, akanitazama mimi. Halafu akakaa mkekani, akacheka mpaka shela ikamdondoka begani na kuku akapata nafasi ya kukimbilia uvunguni.

"Nimekalia magunia toka Koboko kwa sababu ya hii?" alisema alipopata pumzi. Hasira ya kudanganywa aliimaliza kwa kukaa kwetu mwezi mzima.

Kifaru kile hakikuwa ganda tupu. Kilikuwa na matumbo yote: injini, viti, risasi ndogondogo za mzinga za kupangwa ukutani, na vyuma viwili vya dereva vya kukatia kona, vyembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Mume wangu akavunja cha kwanza. Akavuta pumzi, akavunja cha pili. Akatoka nje kwenda kuzunguka nyumba.

"Dereva amegonga gari," mama mkwe akasema.

Mimi nilikuwa mfumaji wa tabaga, zile sinia za majani ya rangi tunazofunikia chakula, kwa hiyo vitu vyembamba vilinizoea. Nikachukua sindano, nikachovya ncha kwenye gundi, nikaviunga vyote viwili. Mume wangu aliporudi aliinama akaviangalia kwa muda mrefu.

"Nani amefanya hii?"

"Kuku," mama mkwe akajibu.

Tangu hapo tukagawana kazi. Yeye alisoma karatasi ya michoro, ingawa maneno yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, ila mishale ilijulikana. Mimi nilibandika. Alitoa amri kama yuko kambini, nami nikamwambia mshahara wa kuruta sijauona, kwa hiyo apunguze sauti. Tuligombana juu ya rangi. Alitaka ndani kote kuwe kweupe, kama cha kweli, na siku hizo maduka ya Arua yalikuwa yakiuza vumbi. Alizunguka mji mpaka akapata masalio ya rangi kwa mtu aliyepaka milango ya zahanati.

"Nani ataiona ukishafunika?" nikauliza.

"Mimi nitajua iko ndani."

Mtu ambaye hakuwahi kujua kama chini ya kitanda chake pamefagiwa.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa nikibandika kiti cha dereva, mbele kabisa, upande wa kushoto. Kulia kwake mchoro ulionyesha tangi.

"Hii ni maji?" nikauliza.

"Mafuta."

"Na hizi zimepangwa hapa karibu yake?"

"Risasi ya mzinga."

"Na wewe unakaa wapi?"

Akagusa kile kiti kidogo kwa ncha ya kalamu. "Hapa."

Nikaweka kibano chini. Tangu tuoane alikuwa ananiambia kwamba ndani ya kifaru ni salama kuliko ndani ya nyumba. Nikamwambia anionyeshe anavyotoka. Akasema mlango uko juu ya kichwa. Nikasema sijauliza mlango uko wapi, nimesema anionyeshe.

Mama mkwe ndiye aliyepanga mambo. Alimkalisha sakafuni, akamsogezea gunia la unga upande wa kulia liwe tangi la mafuta, akamvika juu ya kichwa kiti chetu kimoja kilichokatika kamba na kubaki fremu. Huo ndio ukawa mlango.

"Toka!" akapiga makofi. "Kifaru inaungua! Toka!"

Mume wangu akapenyeza kichwa, akapenyeza mabega. Kwenye tumbo, ambalo lilikuwa limestawi kwa viazi na siagi za ng'ambo, kiti kikagoma. Akasukuma. Alipofanikiwa kusimama, kiti kilisimama naye. Akawa anazunguka chumbani amevaa kiti kiunoni, miguu yake minne ikigonga ukuta, na mama mkwe anamfuata akivuta kutoka nyuma.

"Huyu mutu hatoki," akanitangazia.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mume wangu akasimama, kiti bado kiunoni.

"Mlango ya kweli ni kubwa kidogo," akasema kwa upole.

"Kidogo?"

"Kidogo."

Kuanzia jioni hiyo nilimpunguzia kisira, ile mikate yetu myembamba. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote alimjazia mwanawe sahani, sasa alinyoosha mkono akamega kipande kutoka kwenye sahani ile ile na kula mwenyewe, macho yakiwa kwingine. Mume wangu alilalamika kwamba hata jela watu wanashiba. Baada ya miezi kadhaa alihamishiwa kufundisha madereva wapya. Alisema wakubwa ndio walioamua. Sikumuuliza kama kuna mtu aliyewaomba.

Kifaru kilipokamilika, hakukibandika kichwa, ili kiweze kufunuliwa. Mama mkwe akaondoka nacho kwenda Koboko. Tulipokwenda kwake Idi, tulikuta kiko juu ya kabati na wageni wamekizunguka, naye anafunua na kufunika.

"Mtoto wangu ametengeneza na mikono yake," alikuwa anawaambia.

Nikakohoa.

"Bibi yake alimletea chai," akaongeza.

Mwaka wa sabini na tisa vita vilipofika kwetu, tuliondoka nyumbani kwake Koboko kwa miguu kuelekea mpaka wa Sudani, mimi, mume wangu na mama mkwe. Kabati na vyote vilivyokuwa juu yake tuliviacha, wala sikumbuki kama tuligeuka kuvitazama. Tuliporudi miaka baadaye nyumba haikuwa na paa, na watu tulioonana nao tuliwauliza habari za watu, si za vitu.

Njiani siku ya kwanza mume wangu alivimba malengelenge. Miaka yake yote jeshini alikuwa amekaa, kumbe hakujua kutembea. Alivua viatu, akachechemea, akaguna. Mama mkwe, mjane wa askari wa miguu wa zamani, alikuwa mbele yetu na mzigo kichwani. Akasimama, akageuka.

"Baba yako alitembea mpaka vita ya Wazungu, akarudi," akasema. "Wewe hata Koboko hujamaliza."

Tulipofika kijito, mume wangu akatumbukiza miguu majini, akafumba macho kwa raha. Mama mkwe akatua mzigo na kuketi karibu yake, akaanza kumkanda nyayo, akimtukana taratibu.