Siku Niliyotetea Nifukuzwe Shule

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi maishani, nimewahi kuteleza kanisani nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, nimewahi kumpa shikamoo kijana ambaye baadaye niligundua nimemzidi umri, lakini hizo zote ni aibu za kucheka zikapita. Hii ninayotaka kuwaeleza ni ile ambayo hata leo nikiikumbuka niko peke yangu nasikia masikio yanapata moto, kwa sababu nilisimama mbele ya bwalo zima, walimu, wazazi, mgeni rasmi na mama yangu mzazi, nikaeleza kwa sauti kubwa kwa nini mtu kama mimi anastahili kufukuzwa shule, na watu wakanipigia makofi.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, shule za sekondari za binafsi zilipoanza kufunguliwa Mwanza. Yetu ilijengwa juu ya mlima wa mawe, mbele kidogo ya Mkuyuni, na wazazi waliochoka kuona watoto wao wanakosa nafasi serikalini, na haikupita muda ikawa na jina kubwa, watoto wanatoka Bukoba na Shinyanga kuja kufanya mtihani wa kuingia, tuliouita intavyuu, na wengi wanarudi kwao wanalia. Mimi kwetu ni Kamanga, ng'ambo, mama analima mihogo na viazi, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuonyesha watu ni urefu na mpira wa pete. Nikisimama chini ya goli mpira ulikuwa unaingia wenyewe (sijisifu, waulizeni watu wa Sengerema).

Sasa mwalimu wa michezo wa shule ile, Mwalimu Specioza, aliniona nikicheza kwenye mashindano ya shule za msingi, akaja mpaka nyumbani, akakaribishwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, akala akaongezewa, akamwambia mama, "Huyu mtoto tunamtaka." Mama akafurahi. Nikavuka kwenda kufanya intavyuu kama wengine, na kule, kwenye karatasi ya Kiingereza, nikaambiwa nieleze jikoni kwetu, nami nikaeleza kuku, kwa sababu yale maneno mawili ya Kiingereza nilikuwa nayachanganya. Nilieleza kuku kwa moyo wote, rangi yake, anavyotaga, na kwamba Krismasi tunamla. Hesabu ndiyo hata sitaki kuisema.

Nilifeli, lakini nikachukuliwa. Mwalimu Specioza alikuja mwenyewe kutuambia: nafasi ni ya mpira, ila mkuu wa shule ameweka sharti kwamba mwisho wa mwaka lazima nifikie alama ileile wanayodaiwa wenzangu kuingia kidato cha pili, nisipofika naondoka. Tulichukuliwa wawili kwa namna hiyo, mimi na msichana wa Kisesa anaitwa Rhoda, mlinda goli, mtu wa kucheka, ambaye yeye hakuona sababu ya kuficha kitu. Akiulizwa anasema, "Mimi nimekuja kudaka." Basi, hana habari.

Mimi niliona aibu. Bwenini nilipewa kitanda cha juu, na chini yangu analala Bernadeta, binti wa Mkuyuni palepale, kichwa kweli, anaongea Kiingereza mpaka usingizini. Siku za kwanza kabisa akaniuliza, "Kabula, intavyuu ulipata ngapi?" Nami nikacheka kidogo, nikasema, "Za kutosha." Basi, nikajifunika shuka. Neno dogo tu hilo, jamani, wala si uongo kamili, kwa sababu zilitosha, si nilikuwa nimelala pale?

Kumbe Bernadeta alikuwa na kidonda chake. Alikuwa na pacha, Yustina, walifanya intavyuu pamoja, Bernadeta akapita na Yustina akakosa kwa kitu kidogo sana, na wakati yuko nyumbani analia ndipo wakasikia kuna wasichana wamechukuliwa kwa ajili ya mpira wakati hawakumfikia Yustina hata kwa mbali. "Rhoda simchukii," aliniambia, "lakini kila nikimwona nauona mgongo wa Yustina anavyofua nguo nyumbani. Afadhali wewe, mpira unaujua na akili unazo." Nilikuwa juu, yeye chini, hakuuona uso wangu. Nilitaka kumwambia. Kila nikifungua mdomo naona ameshaanza habari nyingine.

Siku ya Wazazi ikakaribia, na mwalimu wa Kiingereza akatangaza mdahalo, mada yake: shule isiwachukue wanamichezo walioshindwa mtihani wa kuingia. (Alijua anachofanya. Walimu wenyewe walikuwa wanagombana kwa jambo hilo ofisini mpaka tunawasikia.) Bernadeta akapewa uongozi wa upande unaokubali, akaniomba nikae nao nigonge kengele ya muda, nikakubali, kengele haina Kiingereza. Kisha msemaji wao mmoja akakimbia kwa woga, Bernadeta akasema, "Kabula, maneno machache tu, sauti yako inafika mpaka jikoni," nikakubali na hilo, ningekataa kwa sababu gani wakati nilishakuwa mwenye akili za kutosha? Halafu siku yenyewe Bernadeta akaamka hana sauti, mafua yameshika koo, anatoa upepo mtupu, akanishikisha hotuba yake yote. "Umenisikia nikiifanyia mazoezi kila siku," akanong'ona. "Unaijua."

Na kweli niliijua. Niliijua kama tunavyozijua nyimbo za Kilatini, unaimba mpaka mwisho, unafumba na macho, lakini mtu akikuuliza umesema nini unamtazama tu. Mada niliielewa, hapo siwadanganyi. Nilijiambia huu ni mdahalo tu, watu wanabishana halafu wanakwenda kula pilau.

Bwalo lilijaa. Mama alikuwa amevuka na feri ya asubuhi, kitenge kipya, na Mwalimu Specioza kwa heshima akamkalisha mstari wa mbele. Nikasimama, nikaita mwenyekiti, nikaita mabibi na mabwana, na sauti ikatoka, jamani, sijui ilitoka wapi, nikawa nainua mkono pale Bernadeta anapoinua, nanyamaza pale anaponyamaza, na kila nikinyamaza mama anapiga vigelegele. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Anaona mwanawe anakimwaga mbele ya wakubwa, basi anashangilia, na wazazi wengine wakamfuata, bwalo likapata moto.

Nikafika mahali ambapo Bernadeta kwenye mazoezi alikuwa ananyoosha kidole. Sikujua maana ya sentensi ile, ila kidole nilikijua, nikakinyoosha, na kikaenda moja kwa moja kwa Rhoda. Baadaye ndipo nilielezwa nilichosema: kwamba wapo hapa kati yetu wanaokalia viti vya wengine, na kama wana haya wafunge masanduku yao leo hii. Mama akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote. Rhoda hakucheka. Alinitazama tu, na yeye ndiye mtu pekee kati ya wanafunzi wote pale aliyejua mimi ni nani, angeweza kunyanyuka akanimaliza kwa neno moja. Hakunyanyuka. Akainamisha kichwa akawa anachezea kifungo cha sweta.

Nikamaliza, makofi yakapigwa, nikataka kukaa, lakini mzee mmoja wa bodi akainuka akasema kitu kirefu kwa Kiingereza huku ananitabasamia, na mwisho wake sauti ikapanda, nikajua ni swali.

"Yesi," nikajibu.

Watu wakacheka kidogo. Mzee akarudia, polepole, kama anayelisha mtoto uji.

"Thenki yu," nikasema.

Hapo ndipo bwalo lilipopasuka. Mwenyekiti wa mdahalo anagonga meza, Bernadeta pembeni ananivuta sketi na kunong'ona kwa lile koo lake bovu, "Anakuuliza ulipata ngapi wewe! Intavyuu! Ulipata ngapi!" Nikamtazama Bernadeta. Nikamtazama Rhoda na kifungo chake. Nikaona sina pa kwenda, nikasema kwa Kiswahili:

"Mzee, shikamoo. Nisamehe, Kiingereza chako sijakielewa. Na hiki nilichokuwa nasema mwenyewe, nusu yake sijakielewa pia. Ulichouliza ni kwamba nilipata ngapi. Mimi nilifeli. Nililetwa kucheza mpira, mimi na Rhoda, sote wawili."

Halafu dada kiranja (Mungu amsaidie popote alipo, alikuwa mtu wa sheria) akatembea kutoka nyuma mpaka jukwaani akanivalisha shingoni kile kibao cha aibu anachovalishwa anayekamatwa akiongea Kiswahili shuleni. Watu wakacheka mpaka wengine wakajishika mbavu, nami nimesimama, mrefu kama mlingoti, kibao kinaning'inia.

Mama akasimama. "Ngojeni kwanza," akasema. "Kabula. Ina maana muda wote huu nilikuwa nashangilia ufukuzwe?"

Kicheko cha pili kilikuwa kibaya zaidi, ila mama mwenyewe hakucheka, na alipoona hawanyamazi akabaki amesimama vilevile mpaka wakanyamaza. Akamgeukia Mwalimu Specioza. "Nielezee huyu mtoto alikuwa anasema nini. Yote." Na Mwalimu Specioza, uso umemshuka, akamweleza sentensi moja baada ya nyingine, pamoja na ile ya pacha wa Mkuyuni aliyeachwa kwa alama chache, mbele ya watu wote, na mama akawa anaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye kikao cha ukoo.

"Mbona anasema kweli?" mama akasema ilipokwisha. "Kama mtoto wa mwenzangu amemzidi wangu akaachwa, na wangu ameshindwa akapewa kitanda, hiyo si haki. Mwenye huyo mtoto yuko hapa? Pole, mama." Mama yake Bernadeta alikuwepo, mstari wa tatu, na alianza kulia palepale. "Lakini na huyu wangu hakuja kubisha hodi kwenu. Mlimfuata wenyewe. Mwalimu, ulikaa kwangu ukala michembe ukasema mnamtaka. Sasa mmemleta mnamwita mwizi wa kiti, na kwa mdomo wake mwenyewe? Mmemfundisha Kiingereza gani hicho?"

Kura haikupigwa. Mwenyekiti alisema tu mdahalo umefungwa, na watu wakaenda kula pilau wanazungumza kwa sauti za chini.

Mkuu wa shule alituita ofisini, mimi na mama. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anafikiri kabla hajajibu. Alisema hanifukuzi, na hakubadili sharti. Nifikie alama ya wenzangu mwisho wa mwaka, nisipofika naondoka hata kama nimemletea kikombe. Mama akasema sawa, hilo amelielewa. Halafu akauliza, "Na yule wa Mkuyuni je, aliyeachwa?" Mkuu akazungusha kalamu yake, akatazama nje ziwani, akasema, "Mama, hilo sina jibu." Nilimheshimu kwa kutotunga jibu, lakini mama akatoka pale hana furaha, akavuka kurudi nyumbani bila hata kuniaga vizuri.

Bernadeta hakuniongelesha mpaka nikazoea. Nilikuwa nalala juu ya mtu aliyekuwa anaumia, nikigeuka kitanda kinalia, na ninajua anasikia. Nilihama? Hapana, hapakuwa na kitanda kingine. Kisha jioni moja tukiwa tunaosha sahani akatupa daftari lake la Kiingereza kwenye beseni langu, karibu lilowe, akasema, "Sikufundishi kwa sababu nakupenda. Nakufundisha kwa sababu nafasi ya dada yangu ikikaliwa na mtu anayesema thenki yu akiulizwa alama, nitakufa kwa hasira." Akanifundisha kweli, kwa ukali, ananipiga na rula vidoleni, na Jumapili nyingine Yustina mwenyewe akija kumtembelea dada yake anakaa nasi, ananisahihisha bila kuinua macho. Sikuwahi kujua nimwambie nini yule msichana. Nilimwambia asante, akasema haya.

Mwisho wa mwaka nilipita, kwa kuburuta tumbo chini, lakini nilipita. Rhoda hakupita. Rhoda ambaye mwezi uleule alidaka mpaka tukaleta kikombe cha mkoa, tukambeba mabegani kuanzia getini tukiimba jina lake, Rhoda huyo alifunga sanduku lake asubuhi wakati wengine tuko darasani. Mkuu alishika neno lake, wala siwezi kusema alikosea, na bado kila nikifikiri nashindwa kuona ni nani alimkalisha Rhoda chini kwa rula kama nilivyokalishwa mimi. Mimi nilimpata mtu wa kunifundisha kwa sababu niliaibika hadharani. Yeye, aliyesema ukweli tangu siku ya kwanza na kucheka, hakuna aliyemhurumia wala kumchukia kiasi hicho. Niliomba ruhusa nikakimbia nikamkuta ameshafika barabarani kusubiri gari la Kisesa, nikamwambia, "Rhoda, kile kidole, nisamehe." Akasema, "Kidole gani?" Alikuwa amekisahau, au alinionea huruma, sijui mpaka leo.

Basi ndugu zangu, ndiyo hayo. Mdahalo sijawahi kushiriki tena na sitashiriki, hata mnipe nafasi ya kugonga kengele tu. Na mpaka leo kanisani wakinifuata kwamba nina sauti nzuri nikawasomee watu tangazo, huwa nashikilia ile karatasi, nawaambia wanaotaka kuanza ibada wangoje kidogo, naisoma yote kimoyomoyo mpaka mwisho, kisha namuuliza katibu: hili linamhusu nani, na mwenyewe yuko hapa ndani?