Farasi wa Bulyaga Aliyengoja Risasi

Shamba letu la mifugo kule Iringa lilipobinafsishwa, tajiri mpya hakutaka farasi, na mimi niliyewafunza kwa miaka kumi na minane nikapunguzwa kazini. Nilikuwa nalima vitunguu barua iliponifikia kutoka Tukuyu. Mzee Salumu, muuza vitenge wa mtaa wa Bulyaga, alikuwa amenunua farasi wa kubeba ndizi kutoka kijijini Suma wakati wa masika, magari yanapokwama. “Amekuwa kichaa,” aliandika. “Njoo, fundi, ama nimwite bwana nyama wa idara ya wanyamapori aje na bunduki.”

Alfajiri nilipanda basi. Mchana tuliiacha Mbeya, na baada ya Uyole baridi na ukungu vikatupokea. Saa kumi jioni nilishuka Tukuyu mvua ikinyesha.

Mzee Salumu alinipeleka nyuma ya duka lake. Farasi alikuwa amefungwa minyororo miguu yote minne, shingo imechubuka.

“Juzi amemvunja mwanangu mkono,” Mzee Salumu alisema. “Bwana nyama anakuja kesho saa sita.”

Asubuhi niliagiza minyororo ifunguliwe, nikashika hatamu. Watu walikuja kutazama hata kutoka mtaa wa Makandana. Nilimwendea kwa kushoto, kama nilivyofundishwa. Alinipiga teke nikaangukia kwenye tope, watu wakacheka. Nilipojaribu tena, alinipiga ubavuni hata pumzi ikakatika.

“Hatengenezeki huyu,” nilimwambia Mzee Salumu. “Mwache bwana nyama aje.”

Bibi Tusekile, jirani aliyekuwa akimletea farasi majani kila siku, akatua mzigo wake. “Baba, kwa nini unapita upande huo?”

“Farasi wote hufuatwa kushoto, bibi.”

“Huko haoni.”

Alizunguka mbele, akapitisha kidole karibu na jicho la kushoto. Halikupepesa. Kisha akaenda kulia akimsemesha Kinyakyusa taratibu, na yule kichaa akainamisha kichwa na kula mkononi mwake.

“Mbona hukusema siku zote hizi?” Mzee Salumu aliuliza.

“Nani aliniuliza? Mlisema mmemwita fundi.”

Saa sita bwana nyama alifika, bunduki begani, akanikuta nikimtembeza farasi uani. Alitazama huku na huku. “Kichaa mwenyewe yuko wapi?”

Nilikaa siku tisa nikimzoeza kufuatwa na kupakiwa kwa kulia, huku Bibi Tusekile akinisahihisha. Siku ya mwisho tulimrudisha kutoka Suma na mikungu minne ya ndizi, hakumgusa mtu.

Njiani kurudi sikuweza kusinzia. Kabla basi halijafika Uyole nilikuwa nimewakumbuka farasi watatu wa Iringa niliosema wamerukwa na akili, nikawakabidhi kwa mwenye bunduki bila kuwaangalia macho. Nakiri hapa, maana sina pengine pa kukiri. Siku hizi nikiitwa kwa mnyama, kwanza namtafuta anayemkatia majani.