Mwenye Jina Langu Alikuja Kalama

Jamani, ushawahi kufungulia mtu geti, akakwambia jina lako ni lake?

Mimi ni Mkamba wa Kalama, mzima kabisa, lakini naitwa Uwera. Shuleni walinicheka mpaka nikazoea.

Jina lilitoka kwa Mzee Kayitare, mwandishi aliyetoroka Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, akapanga chumba kwetu. Alikuwa anaandika kitabu cha watu wake waliouawa. Majirani hawakumpa amani: wewe ni Mhutu ama Mtutsi?

"Mimi ni baba ya Uwera." Hilo tu.

Uwera huyo ni binti yake. Wakikimbia, mkono wa mtoto ulimponyoka kwenye umati. Kila Jumamosi mzee alishuka Machakos mjini kupiga simu redioni, ili binti atangazwe. Kitabuni alikataa kumtia. Mle walikuwa waliokufa tu.

Halafu nikazaliwa, tisini na sita. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu, na anayepewa jina la marehemu huwa kama amemrudisha nyumbani. Susu, yaani nyanya yangu Ndinda, akaniweka mapajani mwa mzee.

"Shika mtoto wako, Kayitare. Uwera amerudi. Sasa wacha kulia."

Susu alitaka kumfariji tu, maskini.

Mzee akanikumbatia. Jumamosi hiyo hakushuka mjini. Wala iliyofuata. Akamwandika Uwera wake kitabuni, akakimaliza.

Mimi akaniita "mwanangu" mpaka alipofariki, nikiwa darasa la tatu. Tulimzika shambani kwetu.

Nikiwa darasa la saba, mwanamke mgeni akabisha geti, kitabu mkononi.

"Hapa ndipo kwa Kayitare? Kitabu kinasema kiliandikwa Kalama."

"Ndipo. Karibu, mimi ni Uwera."

Akakifungua kile kitabu.

"Hilo jina ni langu. Nimesoma humu kwamba nilikufa. Nimekuja kumwambia baba niko hai."

Woi!  Nikampeleka kaburini. Susu aliposikia, alikaa chini kwenye vumbi, akalia, "Ngai, Mungu wangu, nimefanya nini?"

"Dada, chukua jina lako," nikamwambia.

"Kaa nalo. Baba alikuwa anakuitaje?"

"Mwanangu."

"Sema tena."

Nikasema. Akanishika mkono mpaka vidole vikaniuma, na hakuniachilia mpaka jua likazama.

Wandugu, mtu akiwa bado anamtafuta mtoto wake, usimharakishe apoe. Shuka naye mjini Jumamosi.