Mihogo Niliyoing'oa

Mwaka mwanangu alipoanza kula, mihogo yetu yote iliozea ardhini. Sisi wa Muleba migomba tunaiweka nyumbani, mihogo tunaipanda kwenye rweya, ile nyika ya majani nje ya kijiji. Majani ya mihogo yalikuwa yamependeza kabisa. Ukichimba na kukata, ndani kahawia, kugumu kama gome. Mama mkwe wangu alikaa chini akakata muhogo mmoja baada ya mwingine, akitafuta hata kipande cha mtoto. Hakupata. Mimi nilijaa hasira na sikuwa na wa kumtolea.

Niliposikia watafiti wamekodi shamba kijiji cha pili wanatafuta muhogo usiougua ugonjwa huo, nilikwenda kuomba kibarua. Nilitaka mzigo mmoja wa vijiti vya kupanda, basi. Kwa sababu nina kidato cha nne, mtafiti, dada wa rika langu kutoka Bukoba mjini, alinipa kazi ya kuandika vibao na kufunga vifuko kwenye maua.

Hapo nikaduwaa. Maisha yangu yote nimepanda vijiti, sikujua kama muhogo una mbegu. Yule dada alichuma ua dume, akaligusisha kwenye ua jike, mimi nikafunga kifuko. Baadaye kitunda kilipasuka, ndani mna mbegu tatu zenye madoa, kama kupe walioshiba. Akasema kila mbegu ni mtu wake, kama watoto wa tumbo moja: huyu kachukua urefu wa baba, yule hasira za mama. Aliposema hasira alinitazama.

Tulizipanda. Halafu katikati ya mistari ya miche akapanda mihogo mingine, na haikupita muda nikaona ni migonjwa mitupu. Bwana shamba alikuwa ametufundisha kwenye mkutano wa kijiji: ukiona mgonjwa, ng'oa, choma. Siku dada amekwenda mjini, niling'oa mstari mzima na kuuchoma. Nilijisikia vizuri.

Aliporudi alisimama mbele ya majivu. Nikaanza mimi.

"Watoto wetu wanakunywa uji mtupu, na ninyi mnapanda ugonjwa?"

"Ndiyo, tunaupanda," akasema. "Wale inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani wautoe kwa wagonjwa, waupeleke kwenye kila mche. Ambao haujaonja ugonjwa, utajuaje kama unauweza? Umewaondolea mtihani, dada."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikauliza mihogo migonjwa mingine itatoka wapi. Akauliza kwetu kumebaki nini.

Kwa hiyo nilibeba kichwani vijiti vya rweya yetu, vilevile vilivyomnyima mwanangu chakula. Mama mkwe alicheka hadi akashika kiuno. "Waitu, jamani, watu wanagawa mbegu, wewe unagawa ugonjwa."

Mwaka ulipita, tukavuna. Tulikata mizizi, na karibu yote ilikuwa na kahawia ileile, shina baada ya shina, mpaka nikachoka kutazama. Kisha nikakata mzizi wa shina moja lililosimama bega kwa bega na mihogo yangu migonjwa. Mweupe. Nikakata tena juu, nikakata chini. Mweupe mpaka mwisho, unatoa maziwa. Ndugu zake wa kitunda kilekile walikuwa wameoza pembeni. Nilipiga magoti pale kwenye udongo bila kukusudia, na yule dada naye akachuchumaa, tukautazama kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Nikaomba vijiti. Akakataa. Shina ni moja, na lazima lirudi kwenye mtihani misimu kadhaa, mahali pengine na pengine. Nilikasirika tena, sitadanganya. Akauonja ule mzizi, akasema si mchungu, akanipa nusu.

Niliuchemsha na maharage. Mwanangu alikula akaomba tena.

"Na mbegu?" mama mkwe akauliza.

"Bado."

Akaniambia niache kipande cha rweya, kile cha juu kisichotuamisha maji, nisipande kitu. Tangu hapo nakipalilia kila msimu. Majirani wanauliza napalilia nini, maana hakina hata mche. Nawaambia wapite, waniache.