Mlinzi wa Mtandao na Vifaranga Wake

Fundi wa mtandao hospitalini kwetu ana vidole laini kama vya mtu asiyewahi kukamua nguo, na kabla ya kumkatalia mtu huifuta kibodi yake kwa leso, taratibu, kana kwamba ombi lako limeichafua. Sauti haipandishi. "Usalama kwanza, dada yangu," husema, na ukimbana huongeza, "Ukuta wa mtandao ukitobolewa tundu moja, wezi hawabishi hodi." Mimi napiga picha za eksirei. Juzi nilimsihi afungue njia moja tu, daktari bingwa wa hospitali kuu aione shingo ya mama aliyeanguka kwenye ngazi, tujue kama tumgeuze au tusimguse. Akafuta kibodi. Basi picha ikatiwa kwenye diski, diski ikapanda basi, na mama wa watu akabaki chali mpaka kesho yake, akiogopa hata kukohoa.

Leo nimeingia ofisini kwake ghafla, diski nyingine mkononi, nikakuta kioo cha kompyuta yake kimejaa vifaranga wa njano chini ya taa. Ni banda la kwake nyumbani, ameliwekea kamera. Kumbe bwana huyu amechimba handaki lake la siri kwenye ukuta uleule anaotukatalia! Damu ikanichemka. "Kaka, na hili tundu je?" Hakuona haya hata chembe. Alitoa leso, akafuta kibodi, akanitazama kama anayemwelewesha mtoto.

"Dada yangu," akasema, "hawa nisipowaangalia, watakufa."