Jani Nililolirudisha Mahali Pake

Mwanangu, katika siku zangu zote za Guangzhou ninaikumbuka moja ambayo hata leo ikinijia mikono inataka kujificha. Ni siku niliyong'oa jani la moyoni kwenye mti wa mtu, nikalirudisha pale pale lilipotoka, nikashuka ngazi kama mtu aliyetoka kuanika nguo.

Tulia nikusimulie. Mimi shule niliishia darasa la nne, wala sioni haya kusema. Kalamu ilinishinda, robota halikunishinda. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nina miaka ishirini na tisa, mwanangu wa kwanza Neema nimemwacha kwa mama yangu Makambako, nimepanda ndege kwenda China kununua nguo wakati wanaume wa mtaa wetu hata Kariakoo walikuwa wanaogopa kwenda peke yao. Hilo ulikumbuke. Wajukuu wenzako wasije wakasema bibi alikuwa mtu wa jikoni tu.

Nguo tulikuwa tunanunua Shisanhang, mtaa mwembamba wa maduka ya jumla, ukiinama kufunga kamba ya kiatu mkokoteni unakupanda mgongoni. Tukirudi Sanyuanli, tulikokuwa tumepanga vyumba, tunafunga mizigo wenyewe. Na katika kufunga, mwanangu, hakuna aliyenifikia. Nailoni kwanza, kiroba juu yake, halafu selotepu, zunguka, kaza kwa goti, zunguka tena, hata chungu asipate pa kuingilia. Robota langu lilivuka bahari miezi miwili ndani ya kontena likafika kavu kama lilivyotoka dukani. Niliringa nalo. Nawe ujue, mahali unaporinga ndipo mguu utakapoteleza.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mzee mmoja mkavu kama mua uliokwisha kukamuliwa, tukimwita Babu Tan. Ujanani alikuja kwetu kujenga reli ya kwenda Zambia, akakaa kambini karibu na Makambako miaka miwili. Siku niliyosimama mlangoni pake kutafuta chumba nilikuwa nimeshafukuzwa nyumba mbili. Akaniuliza kwa Kiswahili nimetoka wapi, nikamwambia. Mzee akanyoosha mgongo akasema, "Kamwene." Salamu ya kwetu, ya shambani kabisa, inatoka kinywani mwa Mchina. Nililia kidogo, sikufichi.

Juu ya paa la nyumba ile, penye kamba za kuanikia, Babu Tan alikuwa na mimea yake. Midogo ilikaa kwenye makopo ya rangi, na katikati ulisimama mmoja kwenye mtungi mkubwa wa udongo. Ni ndugu yake mnazi, ila hauzai nazi. Majani yamefunguka kama vipepeo vya jikoni, shina limevaa manyoya ya kahawia kama mbwa mzee. Mbegu yake aliitoa kijijini kwa mkewe, milimani, mbali kaskazini, ambako theluji inaanguka na maji ya kisima yanaganda, na mti huu unasimama katikati ya theluji hiyo na ukijani wake. Watu wa huko wanayachuna yale manyoya, wanasokota kamba, wanatengeneza mafagio, hata makoti ya mvua. Mkewe alikuwa msokota kamba. Alipokufa akazikwa kwao. Babu Tan akaipanda mbegu mwaka huo huo, akailea miaka kumi na moja. Sasa mti ulikuwa umefika kifuani kwangu, na mwezi wa nne, siku yao ya kusafisha makaburi, alitaka aupeleke ukasimame kichwani pa mke wake. Kila mpangaji alijua habari hiyo. Ndiyo maana nasema sikuchezea mti tu.

Mwaka wao mpya ulipokaribia, akaenda kwa binti yake wiki tatu. Ufunguo wa paa akanipa mimi, kwa sababu ya Makambako. Neno aliloniachia lilikuwa moja: baridi ikija niuache mti upate upepo, ila kichwa kisilowe, nikiweza niusogeze chini ya lile bati la pembeni. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtoto anayetumwa sokoni huku akili iko kwenye mchezo.

Baridi ikaja. Baridi ya Guangzhou si ya kupiga kelele, ni ya unyevu, inaingia kwenye godoro. Asubuhi moja nikakuta beseni juu ya paa maji yamefunga utando kama wa maziwa. Hata wenyeji walitoka nje kushangaa. Mimi nikaingiwa na hofu. Kwetu baba aliwahi kupanda mnazi kutoka pwani, akaumwagilia, akauwekea uzio. Baridi ya mwezi wa saba ikaupiga mara moja ukawa mweusi kama mkaa. Nikasema moyoni, huu nao ni mnazi, utakufa mikononi mwangu. Sikuuliza mtu. Nikachukua nailoni, nikachukua viroba na selotepu, nikaufunga kama robota la kwenda Dar. Nilikaza kwa goti, mwanangu. Juu nikauziba kabisa, baada ya kuwa umeshanyeshewa siku mbili. Nikasimama nikautazama, nikajisifu.

Siku kumi na mbili ukakaa hivyo. Jua lilikuwa limeshatoka kitambo, mimi niko Shisanhang nagombana na ma-laoban, wale mabosi wa maduka, juu ya suruali zilizokosewa saizi. Siku nilipoufungua ulinijia mvuke wenye harufu ya mtaro. Majani ya nje yalikuwa kijani bado. Lakini mti wa aina ile una jani moja changa katikati, limejikunja, limesimama kama mkuki. Hilo ndilo linalosema mti uko hai au hauko. Nikalishika kwa vidole viwili. Sikulivuta hata kwa nguvu. Likatoka lote, kama jino bovu, na shina lake chini limeoza, rangi ya kahawa, linateleza.

Wangu wa karibu pale alikuwa Bi Salma, mfanyabiashara wa Mombasa, chumba chake kinatazamana na changu, mdomo wake hauna mlango. Akanikuta nimesimama na lile jani mkononi.

"Shoga, ushauua mti wa mwenyewe," akasema. "Na sanda ulimvisha kabla hajafa."

Nikamwambia anyamaze. Nikalirudisha jani kwenye tundu lake, taratibu, likasimama. Ukiwa mbali huwezi kujua. Bi Salma akatikisa kichwa, akanishauri angalau niende soko la maua nikatafute mti mwingine unaofanana, niubadilishe. Nilikwenda kweli, nikazunguka nusu siku. Ipo iliyofanana, lakini hakuna uliotoka kwenye mbegu ya kijiji kile. Nikarudi mikono mitupu, nikafunga paa.

Babu Tan akarudi. Akapanda juu, akautazama akiwa mlangoni, akatabasamu. Akaniletea tangawizi ya sukari kutoka kwa bintiye, akanishukuru kwa kutunza. Mwanangu, tangawizi ile niliila kama natafuna mchanga. Nilinyamaza siku tisa. Mvua ndogo za masika yao zikaanza, zinanyesha bila kukoma, maji yanaingia mle tunduni juu ya ule uozo, nami nayaona. Kila asubuhi namsikia mzee anapanda ngazi, namsikia anashuka, najiuliza ni leo? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu sijaota meno yote, na haikunisaidia kitu.

Siku ya kumi akanigongea. Alikuwa amevaa koti lake zuri, lile la kuendea makaburini. Akasema amepata lori la mtu anayekwenda upande ule, anataka aandae mti mapema, na katika nyumba nzima anayejua kufunga mzigo wa safari ni Mama Neema. Je, nitamsaidia?

Ningeweza kuufunga. Ningeufunga vizuri, ukafika kijijini, ukapandwa kaburini, ukaozea pale mbele ya ndugu wa marehemu, na lawama ingeangukia barabara. Nilifikiri hivyo, nakwambia wazi, ili usidhani bibi yako alizaliwa mtakatifu. Lakini nikamwona mzee amesimama na koti lake la makaburini. Nikasema, "Babu, mti umekufa. Nimeuua mimi. Jani lile ni la uongo."

Mzee akatangulia. Tukapanda juu. Akalishika, likatoka. Akalinusa, akaweka jicho kwenye tundu, akauliza ni lini. Nikamwambia siku. Akahesabu kwa vidole vyake, halafu akaketi juu ya kopo la rangi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama misumari, na hiyo misumari ningali nayo.

"Kufunga, mimi samehe," akasema. "Wewe mgeni wa mti huu. Mti huu haogopi baridi, anaogopa maji kwenye moyo. Hukujua. Lakini jani hili ulirudisha. Siku mimi rudi ungesema, mimi ningemwaga maji siku ile. Wewe ulifunika kidonda, ukaniambia mgonjwa mzima. Siku kumi, Mama Neema. Siku kumi si baridi iliyoua. Ni wewe kunyamaza."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningejibu, mimi kujibu naweza.

Kisha akainuka. Akasema mti haujafa mpaka joto lije liseme umekufa. Akatuita mimi na Bi Salma, tukaulaza mtungi ubavu, maji machafu yakatoka. Akachukua kijiko chembamba, akakwangua uozo ndani, pole pole, mpaka akafika penye nyama nyeupe, ngumu. "Hapa," akasema. Akamimina ile dawa ya duka la dawa ya kuoshea vidonda, inayotoa povu, ikachemka mle ndani kama sabuni. Akamwaga, akarudia. Tukausogeza chini ya bati, kichwa wazi, upepo unapita. Akanikataza kuugusa, kuumwagilia kichwani, hata kuuonea huruma. Bi Salma akasema hilo la mwisho ndilo gumu, kwa kuwa huruma ya Mama Neema ina selotepu. Mzee akacheka. Mimi sikuweza.

Lori akaliacha liende. Siku ya makaburi alikwenda kwa basi, na fagio na matunda, bila mti. Chumba hakuninyang'anya. Ufunguo wa paa alichukua, na sikuuomba.

Nikasafiri kurudi nyumbani kuupokea mzigo niliokwisha kuutuma. Miezi miwili pale Makambako nikawa nauza nguo huku mawazo yangu yapo juu ya paa. Mama yangu akadhani nimepata bwana huko.

Niliporudi ilikuwa mwezi wa sita, joto la Guangzhou linakupiga kibao ukitoka tu mlangoni. Sijatua begi, Babu Tan akaniita kwa mkono. Tukapanda. Nilihesabu ngazi zile, kila ngazi nasema basi, liwe litakalokuwa. Majani mawili ya nje yalikuwa yamekauka. Lakini katikati, mwanangu, katikati kulikuwa na kitu cha kijani, kimechongoka, kirefu kama kalamu. Mzee alikuwa amekichora mstari wa wino usawa wa shina ili aone kama kinapanda kweli au macho yake yanamdanganya kwa kupenda. Mstari ulikuwa umepanda upana wa vidole vinne.

"Wiki moja," akasema.

Nilikaa chini kwenye saruji ya moto nikacheka mpaka machozi. Bi Salma akapanda kuona nani amefiwa, akakuta tunacheka wote wawili, na yeye akaanza bila kujua kwa nini. Sijawahi kupumua vile, hata siku nilizojifungua. Jani la kwanza lilipofunguka lilikuwa baya, limekatika ncha kama limetafunwa na mbuzi. La pili likawa na nafuu. La tatu likafunguka zima, pana, likapiga makofi kwenye upepo.

Mwaka uliofuata aliupeleka. Na majira ya baridi baada ya hapo mpwa wake akamtumia picha: kilima cheupe kitupu, kaburi, na mti umesimama na theluji kwenye majani, kijani chake vilevile. Babu Tan alinionyesha picha ile kabla hajawaonyesha wanawe.

Sasa nikwambie ninachotaka ukichukue. Utakosea, mwanangu. Mikono inayofanya kazi hukosea, na anayejivunia kazi yake hukosea kwa nguvu zaidi. Ukipewa kitu cha mtu ukitunze, sikiliza neno alilokuachia. Kitunze kwa namna kinavyotaka chenyewe, usikitunze kwa ujuzi wako wa kitu kingine. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, hata kama sauti inakutoka kama ya kifaranga. Kosa la leo lina dawa. Kosa lililorudishwa mahali pake likasimamishwa lionekane zima linaoza kwa ndani, na kila siku unayonyamaza wewe ndiye unayelimwagia maji. Ukishasema, vumilia. Usichimbe kila asubuhi kuona kama umesamehewa. Acha joto lije.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akukutanishe na wazee wenye kijiko na subira kama yule, na kila ulichokidhania kimekufa mkononi mwako, akuonyeshe ncha yake ya kijani ukiwa bado na macho ya kuiona.